Neno "homofobia" lilinikwama kooni kibandani. Kwa Kiswahili ni hofu, ni chuki au ni nini?

MKALIMANI WA SEKEI (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Chuga, Arusha hapa. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mkalimani wa kujitegemea. Kwa wasioijua kazi hii: unafungiwa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni, mtu anaongea Kiingereza kule mbele na wewe unamfuata kwa Kiswahili ukiwa nyuma yake sekunde mbili tatu. Kamusi haina nafasi. Ukisita, watu ukumbini wanaanza kugeuka kukuangalia kama dereva aliyezimikiwa gari kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano wa mambo ya afya (wa nani, tuache). Mzungumzaji mmoja alilitumia neno homofobia mara nne ndani ya dakika kumi. Mara ya kwanza nikasema "chuki dhidi ya mashoga", ikapita. Mara ya pili alikuwa anasimulia kijana aliyetolewa vyombo nje na mwenye nyumba, nikasema "ubaguzi". Mara ya tatu ilikuwa habari ya wazazi walioacha kwenda kwenye jumuiya wakihofia watu watasema nini kuhusu mtoto wao, nikasema "woga". Mara ya nne ndiyo iliyonikomesha. Mama mmoja aliinua mkono, akasema kwa upole kabisa kwamba imani yake haikubaliani na jambo hilo, basi. Yule bwana akamjibu kwamba hiyo ndiyo homofobia yenyewe.

Sasa niseme nini? Nikisema "una chuki", nimemtukana mtu mzima mbele ya wajumbe kwa maneno ambayo hakuyasema. Nikisema "una woga", ukumbi utacheka. Nikaliacha neno kama lilivyo, "homofobia", na nyuso za mbele zikabaki zinanitazama tu. Mwenzangu wa kibandani akanikanyaga mguu.

Saa ya chai akanifuata mzee mmoja kutoka upande wa Hai: "Mwanangu, mara chuki, mara ubaguzi, mara woga. Yule bwana alisema maneno mangapi?" Nikamwambia moja tu, mzee. Akatikisa kichwa akaenda kuongeza sambusa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nachimba. Aliyelibuni ni George Weinberg, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa mume wa mtu. Mwaka 1965, akiandaa hotuba, aligundua kwamba wanataaluma wenzake walibadilika sura wakijua kuwa mtu waliyekuwa karibu kukaa naye ana mapenzi ya jinsia moja. Wasomi, watu wa ushauri nasaha, lakini mwili unarudi nyuma. Akaona hiyo inafanana na fobia, neno la Kigiriki lenye maana ya hofu. Neno likachapwa gazetini New York mwaka 1969, na mwaka 1972 akalieleza kwenye kitabu chake.

Angalieni tarehe. Mwaka 1972 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa bado kinauhesabu ushoga kuwa ugonjwa. Kiliuondoa kwenye orodha Desemba 1973. Kwa hiyo neno lilizaliwa katikati ya ugomvi, na lilichofanya ni kugeuza meza: aliyekuwa anaitwa mgonjwa akasema mgonjwa ni wewe uliyeniandikia cheti. Nadhani ndiyo maana mpaka leo lina makali. Lilitoka kiwandani likiwa limeshanolewa.

Hoja yangu ni hii. Kiingereza kinaweza kuzitia hofu, chuki, ubaguzi na kutokubaliana kwenye kapu moja na msemaji akaenda zake. Kiswahili kinakataa. Kinakuuliza: unamaanisha lipi? Na wengi wanaolitumia, ukiwauliza hivyo, hawana jibu la haraka.

Naomba kuwasilisha. Povu ruksa, matusi hapana.


CHALII WA KIJENGE

Niko paleee, pikipiki nimeegesha, kahawa mkononi. Wajuzi waje.


MANGI WA KIBOSHO

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi hilo neno nalichukia, na sababu yake ni moja: linanipima akili bila mimi kwenda hospitali. Naogopa nyoka. Naogopa mikopo ya mtandaoni. Simwogopi mtu yeyote kwa anayoyafanya chumbani kwake. Nina msimamo wa dini yangu, na msimamo si ugonjwa.

Mfano. Mimi nafuga nguruwe. Jirani yangu ni Mwislamu, hali, hagusi, na kwake ni haramu. Tumekaa miaka 20, msiba wake wangu, Idi ananiletea pilau. Nimwambie ana nguruwefobia?

Na si mimi peke yangu. Shirika la habari la Associated Press la Marekani, Novemba 2012, liliwaambia waandishi wake waache kutumia neno hilo kwenye habari za siasa na jamii, kwa sababu fobia ni hofu isiyodhibitika na mara nyingi ni aina ya ugonjwa wa akili. Hao ni wenye lugha yao.


MKALIMANI WA SEKEI

Mangi, ni kweli hilo la 2012. Ila malizia na sehemu ya pili: baadaye walilegeza, wakakubali litumike kwa maana pana ya hofu au chuki kwa watu hao. Waliona limeshakomaa mitaani, hawawezi kulirudisha tumboni.

Na jirani yako nampenda bure. Hali nguruwe, lakini hajaja usiku kuchoma banda lako. Siku akichoma, utaiitaje?


MANGI WA KIBOSHO

Uhalifu. Na uhalifu una jina lake tayari, hauhitaji Kigiriki.


WAKILI MCHANGA

Naomba niingie hapo kwenye "uhalifu una jina lake", maana ni hoja nzuri kuliko inavyoonekana.

Ndani ya sheria zetu neno homofobia halimo. Kilichomo ni kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambacho kinaadhibu kitendo chenyewe, kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Makali hayo yaliongezwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Mzizi wa kifungu si wa Kihaya wala Kimeru. Ni familia moja na kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambacho Waingereza walikitawanya kwenye makoloni yao. India yenyewe, Mahakama yao ya Juu ilikipunguza Septemba 2018, na watu wazima wanaokubaliana wakatolewa humo.

Lakini kifungu kinagusa kitendo, na kitendo kinathibitishwa mahakamani. Hakimpi mtu wa mtaani ruhusa ya kumpiga kijana kwa sababu ya anavyotembea. Ukimpiga, wewe ndiye unayeangukia kifungu cha 240 au 241, shambulio. Hakuna kifungu kidogo kinachosema "isipokuwa kama ulimshuku".

Na mkuu Mkalimani, unatafuta neno wakati Katiba imeshakupa moja. Ibara ya 13(5) inaeleza maana ya "kubagua", tena kwa Kiswahili safi. Imetaja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Hili tunalojadili halikutajwa kwa jina, na hapo ndipo mawakili tunapokula. Lakini neno lipo.


MANGI WA KIBOSHO

Wakili, asante kwa shule. Ila kuna jambo hamlisemi. Hilo neno halikuja kwetu kama neno. Lilikuja na pesa. Mnakumbuka 2018?


MKALIMANI WA SEKEI

Nakumbuka, na ni mfano mzuri wa matumizi yake kwenye mjadala wa umma. Mwisho wa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza msako wa mashoga. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba yale ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Katikati ya mwezi huo waziri wa maendeleo wa Denmark, Ulla Tørnæs, akatangaza kuzuia msaada wa kroner milioni 65, na katika maneno yake akaitaja kauli ya kiongozi huyo kuwa ya kihomofobia.

Sasa niweke mimi kibandani siku hiyo. Kauli ya hofu? Si hofu, mtu anayetangaza msako haogopi. Kauli ya maoni tofauti? Hapana, ni zaidi ya maoni, inaita watu wakatajwe majina. Hapo ningesema "kauli za chuki" na nisingekanyagwa mguu. Kwa hiyo neno hilohilo ambalo kwa yule mama wa mkutanoni lilikuwa kofi la bure, huku lilikuwa na kazi ya kufanya. Suala la pesa ni lingine, Mangi. Neno linaweza kuwa sahihi na anayelitumia akawa na mambo yake.


MWALIMU MSTAAFU, MOSHI

Vijana, nimefundisha kemia miaka 34, naomba nafasi kidogo.

Ninyi nyote mnafanya kosa moja: mnadhani mzizi wa neno ndio maana yake. Katika kemia tuna vitu vinavyoitwa haidrofobiki, yaani "vyenye kuogopa maji". Mafuta ya alizeti ni mojawapo. Nimeyamwaga kwenye maji mbele ya wanafunzi kila mwaka na sijaona hata tone moja likitetemeka. Hayaogopi. Yanajitenga tu. Hakuna aliyewahi kuandika kwenye mtihani kwamba mafuta yana ugonjwa wa akili. Na daktari wa macho akisema una fotofobia, maana yake mwanga unakuumiza, si kwamba unaikimbia taa.

Mnataka mzizi? Basi chukueni neno "shule". Tumelitoa kwa Wajerumani, wao kwa Kilatini, Kilatini kwa Kigiriki, na kwa Kigiriki maana yake ya kwanza ilikuwa mapumziko. Nendeni bwenini saa 11 alfajiri kengele ikigonga mkawaambie watoto wako mapumzikoni.

Hata hiyo "homo" inachanganya watu. Kwa Kilatini homo ni mtu. Kwa Kigiriki homos ni sawasawa, -a namna moja. Ukilichukua neno zima kama lilivyo unapata "kuogopa kilicho sawa nawe", ambalo halina maana yoyote. Na kuna mtu alilitumia Uingereza mwaka 1920 kwa maana ya kuwaogopa wanaume! Kwa hiyo mzizi hautusaidii. Neno lina maana ambayo watumiaji wamekubaliana, na tatizo la Mkalimani ni kwamba watumiaji hawajakubaliana.


CHALII WA KIJENGE

Mwalimu shikamoo. Ningefundishwa na wewe nisingekuwa natafuta abiria Mianzini saa hizi.


DADA PILI WA PANGANI

Mmejaa wanaume humu mnajadili fobia, na hamjatazama neno la pili. "Chuki dhidi ya mashoga." Mimi ni mtu wa Pangani, nimeolewa Moshi. Kwetu shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Shoga yangu ndiye anayenisuka, ndiye ninayemwachia mtoto, ndiye anayejua mume wangu kanikera nini.

Siku nimefika hapa, sokoni Mbuyuni, nikamwita jirani yangu kwa sauti, "Shoga, nisubiri!" Soko zima likageuka. Muuza ndizi akaniuliza kama sina haya. Jirani mwenyewe, Mchaga wa Rombo, aliona aibu wiki nzima.

Sasa Mkalimani ukinitafsiria "chuki dhidi ya mashoga", mimi masikio yangu ya kwanza yanasikia watu wanaochukia urafiki wa wanawake. Ya pili ndiyo yanasikia unachotaka. Na hilo la pili siku hizi ni tusi kabla halijawa jina. Unawezaje kumtetea mtu kwa neno ambalo wengine wanamtukania?


MKALIMANI WA SEKEI

Dada Pili umenikamata. Kwenye maandishi rasmi siku hizi wanaandika "watu wenye mapenzi ya jinsia moja". Refu, lakini halina mate. Kibandani linakula sekunde zangu zote. Ukilisema mpaka mwisho, mzungumzaji ameshahamia bajeti.


NESI WA RAU

Mimi nasoma tu kwa kawaida, leo nachangia.

Kazini kwetu tulishalipata neno zamani, na halikutoka Ulaya. Ni unyanyapaa. Tulilijifunza kwa UKIMWI. Miaka ile mgonjwa hakutukanwa na mtu. Hakupigwa. Aliletewa chakula kwa wakati. Ila kila aliyemgusa alivaa glavu mbili, na kikombe chake kiliwekwa pembeni peke yake. Ungemuuliza yeyote kati yetu kama anamchukia yule mgonjwa, angeapa kwamba hapana, na angekuwa anasema kweli.

Ilibidi tufundishwe, halafu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ikaja kuukataza unyanyapaa kwa maandishi. Neno lilitusaidia kwa sababu halikutuuliza mioyoni mwetu kuna nini. Lilituuliza: glavu mbili za nini?

Kijana akija dirishani akaulizwa maswali kwa sauti mpaka benchi zima linasikia, akaondoka bila dawa, mimi sijui kama yule aliyemuuliza ana hofu au chuki. Wala sihitaji kujua. Najua kijana ameondoka bila dawa. Kwa hiyo mkuu, ukikwama tena, sema unyanyapaa. Watanzania wote wanalijua, lilikuwa kwenye mabango mpaka stendi.


MANGI WA KIBOSHO

Nesi, hilo nalikubali. Mtu kunyimwa dawa sitaki hata awe nani. Na hilo neno halinivui dini yangu.


MZEE WA KALOLENI

Nimesoma uzi wote kwa simu ya mjukuu, miwani imeanza kuumiza.

Mnasema hofu haipo. Mimi nawaambia ipo, na nimeiona ikiingia. Miaka ya sabini nilikuwa kiwanda cha matairi. Tukitoka zamu ya jioni, mimi na rafiki yangu, marehemu sasa, tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka Kaloleni tumeshikana mikono. Vidole vimefungamana hivi. Tunapiga stori za mpira. Hakuna aliyetuangalia mara mbili. Morani walikuwa wanapita hivyohivyo kutoka mnadani. Kushikana mkono ilikuwa ni kusema huyu ni mwenzangu, basi.

Mwezi jana nilikwenda soko la Kilombero na mjukuu wangu, ana miaka 17. Kuna msongamano, pikipiki, mkokoteni, na macho yangu si yale. Nikamshika mkono. Akauchomoa kama nimemchoma na moto. "Babu, watu watatuonaje?" Babu yake!

Sasa huyu mtoto hamchukii mtu. Hajui siasa za Denmark. Ni nani kamfundisha kuuogopa mkono wa babu yake?


CHALII WA KIJENGE

Dah. Mzee shikamoo.

Hii nimeiona kwenye pikipiki kila siku ila sikuwahi kuipa jina. Abiria wa kike akipanda anashika bega au kiuno, safari inaenda. Mwanaume akipanda anarudi nyuma kabisa, anashika chuma cha nyuma, kati yetu unaweza kuweka gunia la mahindi. Ukipiga kona anayumba anakutoa njiani. Kuna jamaa nilimwambia bro nishike, kuna tuta, akasema yeye si wa hivyo. Tuta likamjibu. Nilimwokota kwenye vumbi pale Sakina, suruali imechanika goti, na bado hakutaka nimpe mkono ainuke.


MWALIMU MSTAAFU, MOSHI

Haidrofobiki kabisa huyo.


MKALIMANI WA SEKEI

Mzee wa Kaloleni, umenirudisha kwa Weinberg. Nilikuwa nimemuona kama mtu aliyechagua neno vibaya. Lakini alichokiona mwaka 1965 ndicho ulichokiona Kilombero: mwili kurudi nyuma kabla akili haijasema kitu. Katika kitabu chake alitaja sababu kadhaa, na mojawapo ni hofu ya siri ya mtu kwamba huenda na yeye yuko hivyo, au ataonekana hivyo. Kijana wa pikipiki yuko humo. Mangi utakasirika, maana dini nayo aliiweka kwenye orodha hiyohiyo, tena mwanzoni. Hapo nakuunga mkono wewe: ukishaweka imani ya yule mama na goti la yule abiria kwenye chupa moja, lebo haisomeki tena.

Kuna mwenzake, Gregory Herek, naye mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2000 alishauri watafiti waliache neno la fobia na badala yake wazungumzie hukumu anayoitoa mtu kwa mwenzake kabla ya kumjua. Sidhani kama ushauri wake umefika mbali nje ya vyuo. Neno fupi hushinda.

Nilianza kazi hizi mjini hapa enzi za ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, nikibeba makabrasha tu. Desemba 2003 ilipotolewa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari, kurasa kwa kurasa zilikuwa juu ya neno moja, inyenzi, yaani mende, walivyoitwa Watutsi: lilisemwa kwa nani, lini, na aliyesikia alielewa nini. Walilitazama kila lilipotamkwa, mahali kwa mahali. Nilikuwa kijana, niliona ni kupoteza muda.


MANGI WA KIBOSHO

Sijakasirika. Ila nibaki na langu: siku utakaponiita mgonjwa kwa sababu nimesema "mimi siamini hivyo", mazungumzo yamekwisha, na wewe ndiye uliyeyafunga. Ya Mzee nimeyaelewa. Jana nimemwona baba yangu anavuka barabara pale Kiboriloni, nikataka kumshika mkono, nikajikuta nimemshika kwenye kiwiko.


WAKILI MCHANGA

Kwa hiyo mkuu Alhamisi ukiingia kibandani unasemaje?


MKALIMANI WA SEKEI

Nimeandika kikaratasi nimekibandika kwenye kioo. Akimnyima mtu kitu: ubaguzi. Hospitali na majumbani: unyanyapaa. Akiita watu wapigwe au watajwe: chuki. Mkono ukichomolewa: hofu. Akisema haamini hivyo: "hakubaliani", na mzungumzaji akitaka kumwita vingine aeleze mwenyewe.

Mwenzangu wa kibandani amekisoma, akauliza: na akilisema bila mfano wowote, homofobia tupu, halafu akaendelea? Nimemwambia hapo namkanyaga yeye mguu, aendelee yeye.


DADA PILI WA PANGANI

Na mimi jirani yangu wa Rombo nimwiteje sokoni? Hamjanijibu.